Hesabu ya Waliopita

Watu hudhani anayehesabu karata anahesabu alizozishika. Si kweli. Alizozishika anaziona, na kinachoonekana hakina haja ya kuhesabiwa. Mwenye kuhesabu huhesabu zilizokwenda: zilizopigwa mezani, zikaliwa, zikalazwa kifudifudi mbele ya mlaji wake zisionekane tena. Akizijua hizo, ndipo anapojua zilizobaki ni zipi na ziko mkononi mwa nani. Nimeishi na elimu hii tangu kidevu changu hakijafika ukingo wa meza, na mpaka leo sijui kama ni elimu ya kucheza au ni elimu ya kufiwa. Nimewauliza wengi. Wengine walinijibu, na waliojibu ndio walionichosha zaidi.

Naitwa Mize. Baba yangu, Mzee Ngwali, alikuwa Mhesabu wa Mtaa wa Kopa, na mimi nilikuwa mwenzake mezani, niliyekaa kumkabili. Mji wetu una mitaa minne, Kopa na Uru, Shupaza na Pau, na pale mitaa inapokutana pana ukumbi wenye milango minne. Ndani ya ukumbi kuna meza moja na viti vinne. Kila alasiri watu wanne hukaa wakacheza wahedi wa sitini, wawili kwa wawili, na jua letu huwa limesimama juu ya paa likingoja karata ya kwanza ipigwe ndipo liendelee kushuka. Wageni wakiambiwa hivi hucheka. Wakikaa siku tatu, nao huanza kulalamika mbona leo wachezaji wamechelewa.

Jozi tuliyochezea, karata arobaini, ilikuwa ya mtaa wetu. Kila karata ina mtu wake, mtu wa Kopa aliyekwisha kufa, na jina lake limeandikwa kwa wino pembeni. Karata ikigonga meza, mtu wake hupita. Hupita tu. Anatokea kwenye mwimo mmoja wa mlango wa Kopa, anakwenda mpaka mwimo wa pili, basi, mpaka kesho. Wala hawapiti na umri waliofia. Fundi Mbwana wa cherehani, aliyezikwa na ndevu nyeupe, nimemwona akipita ni bwana harusi, kilemba kimemkaa upande. Babu mzaa baba alipita siku moja akiwa mchanga, mgongoni mwa mwanamke ambaye hakuna anayemjua, nasi tukamsalimu mwanamke yule kimoyomoyo, maana yeye hana karata. Na mara moja, sijamwambia mtu, nilijiona mimi mwenyewe nikipita, nimezeeka, nimeinama, nimeshika viatu mkononi. Niliitazama meza kuona ni nani aliyenipiga. Meza ilikuwa tupu, na Bi Raya, mmoja wa wapinzani wetu, alikuwa akichanganya karata.

Lakini karata ni karatasi. Inashikwa na vidole vyenye jasho, inachanganywa, inakatwa, inagawiwa, na kila siku sura yake inapungua. Ikifutika kabisa, mtu wake hapiti tena. Jina linabaki pembeni, karata inabaki mchezoni na thamani yake ile ile, ila mlango ndio unaobaki mtupu. Waliofutika walikuwa wamefika kumi na mmoja. Walipopigwa, bado tuligeuza shingo kutazama mlangoni, kwa mazoea tu, kisha tukaendelea kucheza.

Ree ya kopa ni mama yangu, Bi Mwatime.

Kwa asiyecheza: ree ndiyo kubwa kuliko zote, ina alama kumi na moja. Inafuata seti, yaani saba, yenye kumi. Kisha wako wazungu watatu, wa nne, wa tatu na wa pili, kila mmoja na alama za jina lake. Zilizobaki ni magarasa, hayana kitu. Jumla ni mia na ishirini, na waliofikisha sitini na moja wameshinda. Hayo mtoto hujifunza kabla chai haijapoa. Kuhesabu ndiko kulikonichukua miaka, na miaka hiyo ndiyo ninayoitamani nikiwa nimekaa peke yangu, kuliko pepo ninayohubiriwa.

Baba alikuwa kinyozi. Alinifundishia katika kibanda chake, kati ya mteja na mteja, karata tumezitandaza juu ya kiti cha kunyolea ambacho ngozi yake ilichanika ikatoa pamba. Nakumbuka harufu ya spiriti na poda. Nakumbuka kioo chenye ufa, ambacho mtu akijitazama hujiona wawili, na baba akiwatania wateja wakorofi: "Basi leo nimenyoa vichwa viwili." Wakati ule watu ambao majina yao yaliandikwa baadaye kwenye karata walikuwa hai karibu wote, na kwetu kila mmoja alikuwa na karata yake ya kujifunzia. Hawakujua kama tunawachezea.

"Usihesabu namba," aliniambia. "Namba haina uso, itakutoroka. Hesabu watu. Jiulize, nani amekwenda kwake, na nani bado yumo barazani?"

"Wote arobaini, baba?"

"Anza na wa mkononi mwako, hao umewashika. Kila mtaa wa karata una watu kumi. Ukiwa na watatu wa pau, saba wako kwa wenzako. Wamepita wanne? Watatu bado. Sasa mtu akishindwa kufuata pau, kwake hamna pau hata mmoja, usimtafutie huko. Wale watatu wako kwa wawili waliobaki. Umeona? Hujafunua karata ya mtu, na umeshaingia chumbani kwake."

"Na magarasa?"

"Ukipata nafasi kichwani, wahesabu, nao ni watu. Lakini ree na seti usiwapoteze hata nyumba ikiungua. Na midomo isicheze, Mize. Mtu akikutazama akuone unawaza utapika nini."

Mama alikuwa akipita nje ya kibanda na ndoo yake kichwani, na baba hakuweza kuiacha nafasi hiyo ipotee. "Ree ya kopa hiyo," alisema kwa sauti, "bado iko mchezoni." Mama naye hakuwa wa kunyamaza. "Nani wa kunila mimi, Ngwali?" Baba alijibu, "Turufu yako haijazaliwa," na mteja aliyekuwa na povu usoni alicheka mpaka wembe ukabidi uondolewe. Nilikuwa na miaka tisa. Nilidhani dunia imekamilika na kwamba kazi yangu ni kuijua tu kwa majina.

Najiuliza mara nyingi. Yule aliyepita na ndoo na yule anayepita mlangoni mwa ukumbi, ni mmoja? Kama mtu ni yule anayekumbukwa, basi mama yangu yuko wapi wakati karata zimo kashani, zimefungwa kwa mpira? Na kama mtu si yule anayekumbukwa, kwa nini moyo wangu ulikuwa ukiruka kila alasiri, mwanamke mzima mimi, kwa kumwona mama akipita hatua nne bila ya kunitazama? Nina hesabu, na hesabu ndiyo iliyonileta kwenye alasiri ninayotaka kuisimulia.

Baba alimwita mama kila siku. Mzunguko wa pili, asipokuwa na ree yeye mwenyewe, alianza kwa garasa la kopa. Mchezaji wa kawaida akifanya hivyo ungemwambia arudi kwao akajifunze. Yeye alifanya makusudi, ili mwenye ree ashawishike aitupe ale, na mama apite mapema, jua likiwa bado linamulika mlango. Wapinzani wetu walilijua hilo. Ni watu wa Mtaa wa Uru, Bwana Tawakali, mpole, mwuza vitabu, na Bi Raya, ambaye ulimi wake umenolewa kuliko wembe wa baba. Bi Raya alikuwa na pacha wake, akafa, na pacha huyo hakuwa na karata, kwa kuwa jozi haikuwa ya mtaa wao. Kwa hiyo kila alasiri alikaa akitazama wafu wetu wakipita. Nisimseme sana.

Kwa kumwita mno, baba mwenyewe ndiye aliyemfuta. Vidole vyetu sote vilichangia, lakini ree ya kopa ilipigwa mapema, ikakaa mezani muda mrefu, ikashikwa, ikapapaswa. Jana yake ilikuwa imebaki alama nyekundu ndogo kama punje ya dengu. Kila mtu mjini alijua kwamba leo ndiyo mara ya mwisho Bi Mwatime kupita.

Asubuhi nilimnyoa baba. Yeye kinyozi, mimi nimeshika wembe. Alivaa kanzu aliyoitoa chini kabisa ya sanduku, yenye mikunjo ambayo pasi haikuiweza. "Ndevu ziko sawa?" aliuliza. Nikamwambia ziko sawa. "Pande zote mbili?" Nikamwambia pande zote mbili, baba. Kifua kilikuwa kinamsumbua tangu wiki ile, lakini nilipomtajia kulala, alinitazama kwa macho ambayo sikuwahi kuyaona tangu nilipomvunjia kioo.

Ukumbi ulijaa. Hata Shupaza walikuja, ambao huwa hawaji. Bi Raya alipomwona baba na kanzu ile alisema, "Leo tunacheza na bwana harusi," na hakukusudia ubaya, maana alishusha macho papo hapo. Tulikata, tukagawa, kumi kumi. Turufu, mtaa unaokula mingine yote, ilitokea pau. Jua likashuka hatua yake ya kwanza.

Mzunguko wa kwanza alikula baba. Wa pili akaanza kwa garasa la kopa, kama ilivyotarajiwa, akanyoosha shingo kuelekea mlangoni, na hapo hapo kikohozi kikamshika.

Kwetu mtu hakohoi juu ya meza yenye karata. Wafu hawakoholewi. Hata mlevi wa Mtaa wa Pau anaijua adabu hiyo, seuze Mhesabu. Baba aligeuka kitini, akaelekea ukuta ulio kinyume na mlango wetu, akajifunika uso kwa leso, na mabega yakaanza kupanda na kushuka. Aliyefuata kucheza alikuwa Bwana Tawakali. Alikuwa na ree. Nadhani angetaka kungoja, nilimwona vidole vinasita, lakini kungoja nako ni kosa, karata ikishaanza haisimamishwi. Akaipiga.

Mama akatokea. Alikuwa kijana kuliko mimi. Mikono yake ilikuwa na unga mpaka kwenye viwiko, na upande mmoja wa kanga umeanguka begani. Kwa miaka yote niliyomwona akipita hakuwahi kusimama, nami nakuapieni kwamba siku ile alisimama. Alisimama katikati ya mlango akamtazama baba mgongoni. Alingoja. Baba alikuwa anakohoa ukutani.

Sheria nyingine: karata ikiwa mezani, hakuna anayesema. Ningeweza kusema. Neno moja, "Baba!", herufi nne, lisingeua mtu. Lakini mimi ni Mize binti Ngwali, nisiyekosa, niliyesifiwa tangu utoto kwa kuzishika sheria kuliko waliozitunga. Nilikaza midomo. Nilitupa garasa langu la kopa juu ya mama yangu. Bi Raya akafuata. Mama akaondoka. Bwana Tawakali akazikusanya karata nne akazilaza kifudifudi mbele yake.

Baba aligeuka, anafuta mdomo, macho yanamtoka machozi ya kikohozi. Akaona nne zimekwisha kuliwa. Hakuuliza ni zipi. Mhesabu haulizi, akiuliza si Mhesabu tena. Alitazama mlango uliokuwa mtupu, akatabasamu kidogo, na nikajua amehesabu vibaya. Alidhani Tawakali amekula kwa mzungu. Alidhani mama bado yumo barazani.

Kuanzia hapo nilicheza nikiwa na watu wawili ndani yangu. Mmoja alihesabu. Mwingine alikuwa analia, na yule anayehesabu akawa anamwambia anyamaze, atampotezea hesabu. Mzunguko wa tatu, wa nne, wa tano. Fundi Mbwana akapita. Babu akapita. Mlango ukabaki mtupu kwa wale waliofutika. Kila karata ilipogonga meza, baba alinyoosha kola ya kanzu yake.

Ulipokwisha mzunguko wa nane, zilikuwa zimepita thelathini na mbili, na zimebaki nane, mbili mbili kwa kila mtu. Nilizijua zote. Pau zote kumi zimekwenda, hakuna turufu tena duniani. Mimi nina magarasa mawili ya shupaza. Bi Raya ana ree ya uru na mzungu wa tatu wa uru. Bwana Tawakali ana mzungu wa nne wa kopa na garasa moja la shupaza. Baba ana garasa la uru, na ana seti ya kopa. Sisi tulikuwa na hamsini, wao arobaini na mbili, na zamu ya kuanza ni ya baba. Ree ya kopa imekwenda, kwa hiyo seti ndiyo kubwa. Aipige, mzungu wa nne wa Tawakali anaanguka chini yake, tunapita sitini na moja, tunakwenda kwetu kunywa uji. Akiogopa akaanza kwa uru, Bi Raya anakula mizunguko yote miwili na seti yetu inakufa bure. Mtoto wa kibandani angeliona hilo.

Baba alishika seti kwa vidole viwili. Akairudisha. Akazifunga karata zake mbili pamoja akaziweka mapajani.

"Subirini kidogo," alisema. "Siwezi kupiga. Bi Mwatime hajapita."

Bwana Tawakali aliinama mbele, sauti yake ya upole kama anamweleza mteja kwamba kitabu kimekwisha.

"Mzee wangu, amepita. Mzunguko wa pili. Mimi mwenyewe ndiye niliyempiga."

Baba akacheka. Alicheka kweli, kwa kitambo, mpaka kifua kikakoroma.

"Ungempiga ningemwona, Tawakali. Miaka yote hii, leo ndiyo mimi nisimwone?"

Sheria ya meza ni fupi na sote tunaijua. Karata iliyoliwa haifunuliwi. Mchezaji akidai karata haijapita, na wapinzani wakasema imepita, huulizwa mwenzake. Mwenzake akisema imepita, aliyekosa huinuka, na mwenzake hurithi kiti pamoja na jozi. Mwenzake akisema haijapita, mchezo umekufa. Wote wawili huinuka wasirudi tena, na jozi huhamia mtaa wa wapinzani, majina yakakwanguliwa kwa wembe yakaandikwa mengine.

Bwana Tawakali akanigeukia. Nilimhurumia, hakuitaka kazi ile.

"Bi Mize. Ree ya kopa. Imepita, au haijapita?"

Imepita. Neno lenyewe lilikuwa ulimini. Nikilisema, jozi inabaki Kopa. Fundi Mbwana atapita kesho na kilemba chake cha upande. Babu atapita, na yule mwanamke asiye na karata atambeba. Watu ishirini na wanane bado wana sura, na watoto wa mtaa mzima wamekuja na mikeka kuwaona. Na mimi nitakuwa Mhesabu. Nilikitaka kiti kile, nisijitie utakatifu, nilikitaka tangu nikiwa na miaka tisa.

Nikilisema. Baba atajua. Atajua kwamba mama alisimama, kwa sababu baba ataniuliza, "Alikuwaje?", na mimi sijui kumdanganya nusunusu. Atajua kwamba alimngoja, na yeye alikuwa ameelekea ukuta, kwa adabu. Atabeba hilo mpaka siku yake, na siku yake si mbali, nilikuwa nakisikia kifua chake kutoka upande wa pili wa meza.

Nani ana haki hapa? Waliokufa ishirini na wanane, au aliye hai mmoja? Mwenye kuhesabu angesema ishirini na wanane ni wengi kuliko mmoja. Ndivyo nilivyofundishwa. Na mimi ndiye niliyenyamaza mlango ukiwa na mtu.

Niliwatazama watu wa mtaa wangu kwenye mikeka. Walikuwa wameona wote. Bi Shuwena, mke wa marehemu Fundi Mbwana, alikuwa amekaa mstari wa mbele, mikono juu ya magoti. Nilimwomba radhi kwa macho, sijui kama alielewa.

"Haijapita," nilisema.

Kelele zilianzia mikekani kwetu. Bi Shuwena alijifunika uso kwa ukaya. Bwana Tawakali aliziweka karata zake chini taratibu, bila kuzifunua, akakaa anatazama mikono yake. Jozi ilikuwa imeshakuwa yao, na pacha wa Bi Raya kesho angepata jina. Lakini Bi Raya hakufurahi. Alisimama ghafla kiti kikaanguka nyuma yake, na machozi yalikuwa yanamtiririka, machozi ya hasira.

"Mize! Mungu anakuona! Macho yako yalikuwa mlangoni, mimi nilikutazama! Wewe leo wa kukosa hesabu?"

Baba alikuwa ameshainuka. Alinyoosha kanzu, akaokota kofia yake, akanishika mkono ili nimwongoze nje, na alikuwa anatabasamu.

"Huyu hakosei, Bi Raya," alisema. "Nimemfundisha mwenyewe."